Mashine ya kujenga nyumba za udongo: Nyakato tuna la kujifunza?

“SUBHANALLAH, dunia ina mambo!” Hayo ndiyo maneno yaliyomtoka mzee mmoja, fundi mwashi wa siku nyingi hapa Nyakato, pale kijana alipomwonesha kwenye simu mashine yenye mkono mrefu ikimwaga udongo tabaka juu ya tabaka. Ukuta wa mviringo ulikuwa unapanda wenyewe, hakuna aliyeshika mwiko wala aliyevuta kamba ya kunyooshea tofali. Ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa, na tulikuwa tumekaa kivulini nje ya msikiti.

Mwashi wa pili, kijana zaidi, hakushangaa, bali aliuliza: “Sasa sisi tutakula wapi?” Wa tatu, ambaye si fundi, akapunga mkono kwa dharau. Alisema hata ikijengwa kwa mashine ya aina gani, udongo ni udongo tu, na nyumba ya udongo ni ya mtu aliyeshindwa.

Mjadala huo haukuwa wa kupitisha muda. Siku ile tulikuwa tunakaa kikao cha kamati ya madrasa. Tulikuwa na michango ya kujenga vyumba viwili vya watoto, na hesabu ya fundi ilionesha kuwa fedha zingekatika ukuta ukiwa usawa wa lenta, kabla hata hatujagusa mbao za kenchi wala bati. Kila aliyewahi kujenga mjini Mwanza anaujua ugonjwa huu. Yamejaa mapagala yasiyoezekwa kuanzia Buswelu hadi Buhongwa, na wenyewe wanaendelea kulipa kodi ya pango mwaka hadi mwaka.

Katika makala hii nitazipima kauli zile tatu, yaani mshangao, hofu na dharau. Kila moja ina ukweli wake, na kila moja ina kosa lake.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi?

Tuanze na mshangao. Fikra ya kujenga jengo zima kwa printa ya pande tatu ilipata nguvu miaka ya 1990, kupitia kazi za Profesa Behrokh Khoshnevis, mzaliwa wa Iran anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani. Msingi wa fikra hiyo ni rahisi kuelewa. Ramani ya jengo huingizwa kwenye kompyuta. Programu huikata ramani hiyo katika tabaka nyembamba, kama mtu anavyokata mkate vipande. Kisha pampu husukuma udongo au zege laini kupitia mpira mnene hadi kwenye mdomo wa bomba, nao mdomo huo hutembezwa na mkono wa mashine ukifuata mstari wa ramani. Ukimaliza mzunguko mmoja, mkono hupanda kidogo na kuanza tabaka la pili.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kuwa ujuzi wote uko kwenye kompyuta. La hasha! Ujuzi mkubwa uko kwenye mchanganyiko. Ukiwa mwepesi kama uji, tabaka litasambaa chini. Ukiwa mgumu kama ugali uliokaa, utaziba mpira na pampu itakwama. Unatakiwa uwe laini wakati unapita bombani, na uwe na nguvu ya kubeba mwenzake mara tu unapotua.

Hapa ndipo saruji na udongo vinapoachana njia. Saruji ikikutana na maji hugeuka na kukaza yenyewe, hata pakiwa na unyevu. Udongo haugeuki, hukauka tu kwa kupoteza maji. Kwa hiyo ukuta wa udongo unaochapwa na mashine lazima upande taratibu, tabaka la chini lipate nafasi ya kukauka kabla halijalemewa na uzito. Na udongo unapokauka husinyaa, na ukisinyaa bila ya kitu cha kuushika hupasuka. Ndiyo maana wazee wetu walichanganya majani makavu kwenye udongo wa kukandikia. Hawakusoma chuo, lakini walijua.

Zipo mashine za aina mbili, tusizichanganye

Yule kijana alituambia kuwa teknolojia hii tayari iko Kenya. Hakukosea, lakini hakumaliza maneno. Kampuni ya 14Trees, iliyoundwa na kampuni ya saruji ya Holcim kwa ushirikiano na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, ilijenga kwa printa shule huko Salima nchini Malawi mwaka 2021. Kuta zake zilisimama kwa saa 18. Baada ya hapo ikaja Kilifi, kwa jirani zetu wa mwambao wa Kenya, na mradi wa nyumba 52 uitwao Mvule Gardens. Huko Jeddah nako, mwaka 2024 ulifunguliwa msikiti wenye eneo la mita za mraba 5,600 uliojengwa kwa printa.

Lakini majengo hayo yote yamechapwa kwa mchanganyiko wa saruji. Mashine imepunguza muda na upotevu wa vifaa, ila saruji imebaki pale pale. Kwa mtu wa Nyakato hilo si jambo dogo. Viwanda vikubwa vya saruji nchini mwetu viko Tanga, Mbeya, Mtwara na Wazo Hill jijini Dar es Salaam. Mfuko unaofika dukani hapa kwetu umeshalipiwa safari ndefu, na safari hiyo analipa mjenzi. Isitoshe, utengenezaji wa saruji unakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu duniani.

Mashine aliyoiona mzee wetu ni ya aina ya pili. Mwaka 2018, kampuni ya Kiitaliano iitwayo WASP ilijenga nyumba ndogo huko Massa Lombarda, kaskazini mwa Italia, wakaiita Gaia. Eneo lake ni kama mita za mraba 30. Mchanganyiko wa kuta zake ulikuwa hivi: udongo uliochimbwa papo hapo asilimia 25, majani makavu ya mpunga yaliyokatwakatwa asilimia 40, pumba za mpunga asilimia 25, na chokaa asilimia 10. Kuta zilichapwa kwa siku 10, na wenyewe walieleza kuwa vifaa vya ukuta viligharimu euro 900.

Mwaka 2021, kampuni hiyo pamoja na msanifu majengo Mario Cucinella wakakamilisha nyumba nyingine iitwayo TECLA, yenye mita za mraba 60 hivi. Mashine mbili zilifanya kazi kwa pamoja saa 200. Tabaka zilikuwa 350, kila moja milimita 12, hadi kuba za udongo zikajifunga zenyewe juu bila ya kenchi. Umeme uliotumika ulikuwa chini ya kilowati 6 kwa wastani.

Hebu tusome tena ule mchanganyiko wa mwanzo. Asilimia 65 ya ukuta ni mabaki ya mpunga. Sasa tujiulize, pumba za mpunga wa Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba na Shinyanga zinakwenda wapi? Kila penye mashine za kukoboa kuna vilima vya pumba. Nyingine hutumika kuchomea matofali, nyingine huunguzwa tu ili kupata nafasi. Tunachoma kwa kiberiti kitu ambacho wenzetu wamekifanya ukuta, kisha tunakwenda dukani kukopa saruji.

Je, udongo ni nyumba ya aliyeshindwa?

Sasa tuje kwenye dharau. Ndugu yetu aliyesema udongo ni wa aliyeshindwa hakumkusudia mtu ubaya, alisema yaliyo vichwani mwa wengi wetu. Lakini ajikumbushe kuwa msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, kama zilivyopokewa habari zake, ulijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, nguzo zake zikiwa magogo ya mitende na paa lake makuti yake. Humo ndimo ulimofundishwa umma mzima.

Historia ya Waislamu imejaa ushahidi wa aina hii. Mji wa Shibam, huko Hadhramaut nchini Yemen, una maghorofa marefu ya matofali mabichi ya udongo, na mengi asili yake ni karne ya 16. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo mtupu na mamia ya watu wanaswali ndani yake hadi leo. Nasi wenyewe, kabla ya bati na saruji kuwa alama ya maendeleo, Usukuma yote ilikaa katika nyumba za miti na udongo, zenye ubaridi mchana na joto usiku.

Pamoja na hayo, dharau hiyo ina ukweli ndani yake ambao si busara kuuficha. Udongo una maadui, na kwetu hapa wapo wote. Adui wa kwanza ni maji, na sisi tunapata mvua za vuli na za masika. Mwezi Novemba mwaka 2009 mvua kubwa ya siku moja iliangusha sehemu ya mnara wa msikiti wa Djenné, pamoja na kwamba watu wa mji ule hukusanyika kila mwaka kuukandika upya. Adui wa pili ni mchwa, anayefuata majani na miti iliyomo ukutani. Adui wa tatu ni tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016, ng’ambo ya ziwa letu, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka, nyingi zikiwa za udongo na za tofali zisizofungwa kwa nondo wala lenta. Aliyezika ndugu yake Bukoba hatakuelewa ukimwambia udongo ni salama na ukaishia hapo.

Kwa hiyo jibu la haki ni hili: udongo ni kama mgeni wa heshima, ukimpokea vizuri atakaa, ukimtelekeza ataondoka. Unahitaji msingi wa mawe uliopanda juu ya usawa wa maji ya mvua, na kama kuna mji usio na uhaba wa mawe hapa nchini, basi ni Mwanza. Unahitaji paa lililotoka nje ya ukuta vya kutosha, si bati lililokatwa kwa ubahili likaishia ukutani. Unahitaji kuta zilizofungwa juu kwa lenta inayozunguka nyumba nzima. Na unahitaji mtu wa kuukagua kila baada ya masika, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Djenné hawana udongo bora kuliko wetu, ila wana utaratibu wa pamoja ambao umerithiwa.

Mafundi watakula wapi?

Imebaki hofu, na hii ndiyo inayogusa matumbo ya watu. Swali la yule kijana lisijibiwe kwa kumpiga bega na kumwambia teknolojia ni neema. Mashine iliyosimamisha kuta za shule kwa saa 18 imechukua kazi ya waashi na saidia fundi wa wiki kadhaa. Wanabaki wachache wa kusimamia kompyuta, pampu na mchanganyiko. Katika nchi ambayo mwashi analipwa fedha nyingi na hapatikani, hilo ni jawabu. Katika kata ambayo vijana wamejipanga barabarani asubuhi wakiwa na miko na timazi wakisubiri kuitwa, hilo linaweza kuwa tatizo jipya.

Tena tusidanganyike na kasi. Mashine huchapa kuta tu. Msingi unachimbwa na watu. Milango, madirisha, kenchi, bati, sakafu, choo na umeme vyote vinabaki kama vilivyo. Anayesikia “nyumba kwa siku moja” akadhani gharama ya nyumba imekwisha, hajawahi kulipia bati. Na bei ya mashine yenyewe ni mamilioni mengi ya shilingi, tusitarajie kuwa kamati ya madrasa itaichangia kwa bahasha za Ijumaa.

Upo mfano mwingine unaotufundisha, nao unatoka Misri. Miaka ya 1940 msanifu mashuhuri Hassan Fathy alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Alijenga kwa matofali ya udongo, akawaleta mafundi wa Kinubi kutoka Aswan waliojua kujenga kuba bila ya kutumia mbao za kushikilia. Kijiji kilikuwa na msikiti, soko na shule, na hadi leo wasanifu wanakwenda kukitazama. Lakini wengi wa wanakijiji walikataa kuhamia. Hawakuwa na ugomvi na udongo. Riziki yao ilikuwa pale walipokuwa wakiishi, na uamuzi wa kuhama haukuwa wao. Fathy aliyaeleza haya mwenyewe baadaye kwa masikitiko. Funzo ni kwamba ujenzi mzuri usioanza na maisha ya watu huishia kuwa maonesho.

Tuchukue elimu, mashine itasubiri

Hapa sasa ndipo penye hoja yangu. Kilicho cha thamani katika nyumba ile ya Italia si mkono wa chuma. Ni mambo matatu: kwamba waliupima udongo wao kabla ya kujenga, kwamba waliyafanya mabaki ya mkulima kuwa mali, na kwamba hawakuchoma tofali. Mambo hayo matatu tunaweza kuyafanya Nyakato bila ya printa.

Chombo chake kipo tangu zamani. Miaka ya 1950, huko Colombia, ilibuniwa mashine ya mkono ya kushindilia tofali za udongo iitwayo CINVA-Ram, ambayo mtu mmoja anaivuta kwa wenzo mrefu. Kizazi chake ndicho mashine za matofali ya kufungamana ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi nchini. Udongo uliochekechwa huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa, kisha tofali hufunikwa kivulini na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa. Halichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa. Linashikana na mwenzake kwa umbo lake, kwa hiyo udongo wa kuungia ni kidogo sana. Na linatengenezwa na vijana wale wale waliojipanga barabarani.

Lakini kwanza udongo upimwe. Chukua chupa ya maji yenye kuta zinazoona, jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache. Mchanga utatua ndani ya dakika chache, tope laini litafuata, na mfinyanzi utachukua saa nyingi hata siku nzima. Utaona tabaka tatu, na utajua udongo wako una nini. Jaribio la pili ni la kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4. Kijaze udongo wenye unyevu, uache ukauke, kisha pima umesinyaa kiasi gani. Kadiri unavyosinyaa zaidi, ndivyo unavyohitaji saruji au mchanga zaidi. Kiwango kinachotumika sana ni kati ya ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 10 hadi 18 za udongo.

Wasukuma hawakuhitaji chupa kujua hili. Waliipa kila ardhi jina lake. Luseni, ule wa kichanga, hausinyai sana lakini haushiki. Mbuga, ule mweusi wa mabondeni, unashika mno, hujaa ukilowa na kupasuka ukikauka, na aliyejenga kwa udongo huo au juu yake atajuta. Uzuri ni kuchanganya, na kuchanganya ni elimu.

Chuo cha VETA kiko hapa hapa Nyakato, na SIDO vilevile. Kijana anayejua kuchomelea geti anaweza kufundishwa kutengeneza kalibu la tofali la kufungamana. Anayejua simu na kompyuta anaweza kuanza kusoma namna ramani inavyogeuzwa kuwa mwendo wa mashine, ili siku printa itakapofika kanda ya ziwa isije na fundi wake kutoka mbali huku sisi tukibeba maji. Hofu ya yule mwashi kijana haitaondolewa na maneno, itaondolewa na ujuzi alionao mkononi siku hiyo.

Kamati ilifikia wapi?

Kikao chetu hakikununua mashine, wala hakikutupilia mbali fikra ya udongo. Tulikubaliana kuanza na stoo ndogo ya madrasa kwa tofali za kufungamana, juu ya msingi wa mawe, kisha tuiache ipigwe na masika moja kabla ya kuamua kuhusu vyumba vya watoto. Watoto hawawekwi ndani ya majaribio. Yule mzee mwashi ndiye aliyepewa usimamizi, na yule kijana aliyeuliza tutakula wapi ndiye aliyekabidhiwa chupa na kisanduku cha kupimia.

Yule wa tatu, mwenye dharau, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza udongo utachimbwa wapi. Alipoambiwa, akasema ule si mzuri, una mbuga ndani yake, na kwamba nyuma ya shamba la baba yake kuna kichuguu chenye udongo alioutumia marehemu kukandikia nyumba iliyokaa miaka mingi. Kumbe naye alikuwa anajua. Wengi wetu tunajua, ila tumefundishwa kuona haya kwa tunachokijua.

Tukauchukue udongo huo, tuupime.